Kaniki Juu ya Geji

Ukikutana na lori lake njiani saa tisa alasiri, wakati wa kiangazi, ungelikuta limesimama. Hapakuwa na haja ya kuuliza kama limeharibika. Ungechungulia tu mbele ungemwona mtu mzima mwenye mabega mapana, amejifunika kichwa chote kwa kipande cha kaniki, ameinama juu ya usukani, hatikisiki. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani anasali, wengine walidhani amekufa. Waliomzoea walisema Dereva anapiga picha, kwa sababu mpiga picha wa pale Shinyanga naye alijifunika kitambaa cheusi namna hiyo hiyo nyuma ya sanduku lake. Hakuwa anapiga picha. Alikuwa anasoma geji ya mafuta ya injini.

Nitamwita Dereva kama tulivyomwita wote. Jina lake lilitumiwa na mkewe na watu wa kwao Mhunze, mimi sikuzoea kulitamka. Tuliishi jirani pale Shinyanga kwa zaidi ya miaka kumi, ukuta wa uani kwake ndio ukuta wa uani kwangu, na mazungumzo yetu mengi yalipita juu ya ukuta huo. Mimi ni seremala. Shule niliishia darasa la nne, nikajifunza kuunda bodi za malori kwa mbao, na bodi ya lori lake niliiunda kwa mikono yangu. Nimechelewa kuandika haya. Wanaohusika karibu wote wamekwisha kufa, na hiyo ni sehemu ya aibu yangu.

Lori lilikuwa la tajiri mmoja mnunuzi wa pamba. Msimu wa pamba Dereva alizoa marobota vijijini, na msimu ukiisha alipeleka unga, chumvi na mbao Geita kwa wachimba dhahabu. Chini ya kioo cha mbele kulikuwa na geji nne za duara, kila moja kama mdomo wa kikombe cha kahawa: ya petroli, ya maji, ya umeme, na ya mafuta ya injini. Nyuso zake zilikuwa na rangi ya maziwa, na mishale yake myembamba ilikuwa myeupe vilevile. Aliyezitengeneza bila shaka aliishi mahali ambapo jua ni kitu cha kutamaniwa. Kwetu, asubuhi uliziona vizuri, na jioni pia. Lakini jua likishuka kidogo kutoka utosini na kuingia dirishani, kioo cha geji kiligeuka kama bati jipya. Huoni namba, huoni mshale. Unachokiona ni jua, na ukisogea karibu zaidi, uso wako mwenyewe.

Alikuwa mtu wa mzaha, jambo ambalo wengi wanaomkumbuka kwa ile kaniki wamelisahau. Alizaliwa kati ya ng'ombe, na aliogopa ng'ombe kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Kundi likikatiza barabara alizima injini, akapandisha kioo, akangoja. Wachungaji walimjua, wakafanya makusudi kuwapitisha polepole. Siku moja mchungaji mmoja, amemshika dume lake pembe, alimgongea mlangoni akamwambia, "Shuka basi, Dereva, uje umsalimie. Huyu hang'ati." Akajibu bila kushusha kioo, "Mimi hili langu nikikanyaga breki linasimama. Huyo wako breki yake iko wapi?" Wachungaji walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo dume lile likaitwa Breki.

Hakusoma shule hata siku moja. Namba za geji na za mawe ya barabarani alizijua kama mtu anavyojua nyuso za watoto wake, lakini barua zilimshinda. Zikifika alizipitisha juu ya ukuta, akasimama upande wa pili, mikono nyuma, na mimi nikamsomea. Hakuniuliza mara mbili. Hakuwahi kupeleka barua kwa karani ili ahakikishe. Nilichosema kimeandikwa, kwake kilikuwa kimeandikwa. Nilipenda sana jambo hilo mwanzoni.

Hakupiga honi akipita penye msiba. Alijuaje kama pana msiba, hata mahali asipopafahamu, sijui, lakini aliondoa mguu kwenye mafuta akapita taratibu, kofia mapajani. Aliongea na injini. Alivaa koti zito kwenye joto, na mkewe alipomtania alisema koti ni kwa ajili ya kurudi, kana kwamba kurudi kuna baridi kuliko kwenda. Chakula cha njiani alikila amesimama. Abiria walilalamika kwamba malori mengine hufika Mhunze jua likiwa bado juu, lake hufika watu wamekwisha kula. Mama mmoja muuza vyungu, aliyechoka kungoja, alimwuliza siku moja humo ndani ya kaniki anaongea na nani. Akasema, "Naongea na mafuta, mama. Hayajibu upesi." Watu walicheka. Lakini wapo waliokataa kupanda lori lake. Walinong'ona kwamba kaniki ile ilikuwa imemgusa maiti, na kwamba akiivaa anauliza mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyauliza.

Katika manong'ono hayo, la kwanza lilikuwa kweli.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, alisogea ukutani akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa anamsalimia mama yangu, aliyeishi kwangu tangu baba afariki. Mama alikuwa uani pale pale, anapeta mtama au anachochea moto, hatua sita kutoka ukutani. Hakujibu. Si kwamba hakusikia. Ungo ulisimama mikononi mwake, kisha ukaendelea. Dereva aliinama kidogo, kama mtu aliyejibiwa, akaenda zake. Kwetu kuna watu wamepigana na kupatana kesho yake, lakini kumnyima mtu marahaba ni jambo ambalo hata jirani anayepita barabarani hulisikia. Mama yangu alimnyima kila siku kwa miaka minane. Na mimi nilikuwa ndani, au nimesimama penye benchi langu na randa mkononi, nikisikia salamu ikipita juu ya ukuta na kuanguka chini.

Ningeweza kumjibia. Sentensi moja ingetosha. Sasa niiseme.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia kwisha. Mdogo wangu alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, si kwa wazungu, bali katika mashimo yao wenyewe huko porini. Likaja neno kwamba jiwe limemwangukia nyongani na kidonda kimeharibika, wenzake wamemlaza Kalangalala, pale pale Geita, na anataka kurudi kwa mama. Dereva alikuwa na safari ya huko. Hakungoja niombe. Aliniambia nipande mbele, tutarudi naye.

Tulimkuta amekonda, macho makubwa, lakini alinitambua akanitania kwamba nimeota kitambi kwa kula vumbi la mbao. Tulimtandikia majani na magunia nyuma, juu ya mbao nilizozipigilia mimi. Mchimbaji mwenzake alipanda pamoja naye kumshika lori lisimrushe. Dereva alikuwa amemnunulia mkewe kaniki mpya. Aliitoa, tukaifunga juu ya mdogo wangu imkinge jua. Tukashika njia ya Kahama, twende hadi hospitali ya Shinyanga.

Wanaoijua njia ile ya zamani wanajua kwamba kati ya Geita na Kahama palikuwa na pori la mbung'o. Mbung'o wameua ng'ombe, na ng'ombe wakifa watu huhama. Unakwenda nusu siku huoni moshi. Katikati ya pori hilo tulikanyaga jiwe, likagonga chini ya injini. Dereva alishuka akachungulia, akaona ukavu, akarudi. Ufa ulikuwapo, lakini ulikuwa mdogo, ulianza kuvuja injini ilipopata moto.

Ilipofika kama saa tisa, tukielekea kusini, jua likaingia kwa dirisha lake la kulia moja kwa moja juu ya geji. Barabara ilikuwa mbaya, mashimo kila upande, na kila shimo tulilolikanyaga tulimsikia mdogo wangu nyuma. Dereva hakuweza kuondoa macho njiani. Akaniambia nimwangalizie mshale wa mafuta, akanionyesha unapotakiwa kukaa. Ukianguka, nimwambie hapo hapo.

Niliinama. Niliona bati linawaka na uso wangu ndani yake. Nilikinga kwa kiganja, jua likapita upande wa pili. Ningeweza kusema tusimame. Lakini nyuma mdogo wangu alikuwa analia jina la mama, na mimi nilitaka jambo moja tu, twende, twende, tusisimame.

Akauliza, "Mshale uko wapi, Fundi?"

Nikasema, "Uko pale pale."

Aliniuliza tena baada ya muda, nikajibu vilevile. Aliniuliza mara tatu au nne. Sikuuona mshale hata mara moja. Nilimsomea nilichotaka kiwe kimeandikwa, naye akaamini, kama alivyoamini barua zake.

Injini iligonga, ikalia kama chuma kinachosagwa, ikashika. Lori likasimama lenyewe. Mafuta yote yalikuwa yamebaki njiani nyuma yetu, mstari mweusi kwenye vumbi. Mchimbaji akaenda kwa miguu mbele kutafuta watu. Tulibaki watatu.

Siku ile nilimwona Dereva akitafuta ng'ombe. Alipanda juu ya bodi, akasimama kwa vidole, kiganja juu ya macho, akisikiliza kengele za shingoni. Mtu yule aliyepandisha kioo akiona pembe, alikuwa anaita kwa sauti ya wachungaji, ile ya kuita kundi jioni, kwa sababu palipo ng'ombe pana watu. Pori halikuitika. Kisha akashuka, akakaa karibu na kichwa cha mdogo wangu, akawa anawafukuza mbung'o kwa kofia. Mdogo wangu alikufa kabla jua halijatua, akiuliza kama tumeshafika Tinde, karibu na nyumbani. Dereva alimjibu kwamba tumefika.

Hatukuwa na sanda. Dereva aliipasua kaniki katikati. Nusu moja tukamfunika nayo mpaka mchimbaji alipoleta watu wa kutuchukua, akazikwa nayo. Nusu ya pili ilibaki mkononi mwake, na sikujua kwamba ameihifadhi mpaka nilipoiona juu ya geji.

Msibani, mbele ya mama na wazee, alisema mwenyewe bila kuulizwa: injini niliiua mimi, sikuangalia mafuta. Alisema mimi. Niliketi mkekani hatua chache kutoka kwake. Alikuwa ananitazama, na nilidhani ananingoja. Nilitazama chini. Mama alisimama akaingia ndani, na hakumwitikia tena salamu yake mpaka kaburini.

Baada ya hapo nikafanya wanachofanya watu wa aina yangu, nikashika kazi. Nilimtengenezea kifuniko cha mninga cha kuzikinga geji, kama paa dogo, ndani nimekipaka masizi yasirudishe mwanga. Kilikuwa kazi nzuri. Alikipokea kwa mikono miwili, akakipigilia pale pale, akanishukuru mbele ya watu. Kwa kifuniko kile geji zilisomeka hata jua likiwa kali. Hata hivyo saa tisa ikifika alisimama, akajifunika kaniki. Nilimwuliza mkewe kwa nini, naye aliniambia, "Shemeji, ile kaniki ilikuwa yangu, sikuwahi kuivaa. Nikimwambia aitupe anasema bado anaitumia." Kisha akaniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nikumbuke nimeacha gundi motoni, nikaondoka.

Mama alifariki wakati wa mvua. Dereva alibeba jeneza kwa mbele, na kaburini alikuwa wa mwisho kuliacha jembe. Asubuhi ya tatu nilikuwa kwenye benchi langu, uani hakuna mtu, ungo umetundikwa. Nikasikia hatua zake zikisogea ukutani.

"Shikamoo, mama."

Kimya, kama siku zote. Akangoja kiasi kile kile cha kungoja. Kisha akaenda kuwasha lori. Aliendelea hivyo mpaka alipohama. Mimi sijui mambo ya wafu, sisemi kwamba mama aliitikia au hakuitikia. Nasema tu kwamba kuanzia siku hiyo nilianza kazi baada ya yeye kuondoka.

Aliacha udereva macho yalipomwishia. Yalianza kufanya ukungu katikati, na daktari alimwambia ni jua la miaka mingi. Tajiri aliliuza lori kwa vipande. Dereva na mkewe wakarudi Mhunze. Nilijiambia nitamfuata mwezi ujao, kisha baada ya msimu. Nilikwenda mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilipoanza kushtuka mchana kama mtu anayeamka ndotoni. Sijui nilieleze vipi. Nilikuwa macho, nafanya kazi, na saa tisa jua likigonga kioo chochote, kikombe, saa ya mtu, maji ya ndoo, niliona uso nikasikia swali.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, koti mwilini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba upesi sana, kama mtu anayelipenda neno lenyewe. Alinijua kwa sauti. Aliuliza kuhusu randa, kuhusu ukuta wa uani, nani anakaa upande wake sasa. Mkewe alinipa maziwa, akatuacha. Ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa karibu mno naye. Nilipomtania, alisema siku hizi yeye hawaoni, kwa hiyo wamepatana.

Kisha nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia kwamba siku ile sikuuona mshale, si mara ya kwanza wala ya mwisho, na kwamba nilikaa mkekani nikamwacha aseme aliyoyasema, na mama amekufa akiyaamini.

Alivuta koti lake kifuani. Akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza alijua tangu lini.

"Tangu nilipokuuliza. Saa ile, kwenye jua lile, hakuna mtu angeuona. Mimi dereva. Nilitakiwa kusimama. Lakini kijana alikuwa analia, na mimi sikutaka kusimama. Nilikuuliza ili tuwe wawili."

Alipapasa chini ya kigoda akatoa mfuko wa gunia. Ndani mlikuwa na ile nusu ya kaniki, imechakaa hadi rangi ya majivu, na ndani yake amefunga geji ya mafuta. Walipolivunja lori aliwaomba wamng'olee. Kifuniko changu hakikuwamo. Aliniambia kilichukuliwa na aliyenunua bodi. Waya mbili fupi zilining'inia nyuma kama mizizi.

Aliniwekea mkononi. Jua lilikuwa limekwisha kushuka kutoka utosini, likatupiga sote wawili kwa upande wa kulia. Aligeuza uso barabarani, ambako hakuona kitu, mikono ikiwa imekunjwa mapajani kama imeshika usukani.

"Mshale uko wapi, Fundi?"

Niliinama. Kioo kiliwaka. Nilikigeuza kidogo, nikakikinga kwa kiganja, nikakisogeza karibu mpaka nikauona uso wangu, umezeeka.

"Siuoni, kaka."

"Huuoni."

"Siuoni."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akainua mguu wake wa kulia, akakanyaga nao mavumbini kama mtu anayekanyaga breki, akauacha pale.